Mtoto mchanga halali usiku: mambo ambayo wazazi wanapaswa kujua

MOBA – Saa nane ya usiku. Moba-Port yote iko kimya, na mbali kwenye ziwa zinaonekana taa za wavuvi wa ndakala. Lakini katika nyumba yenye mtoto wa wiki mbili, mama angali ameketi kwenye kitanda. Mtoto ananyonya, anasinzia, na kila akiwekwa chini anaamka na kulia. Ni mara ya nne tangu jua kuzama.

Kukicha, kila mtu atakuwa na jibu lake. Jirani atasema maziwa ya mama ni mepesi, mtoto apewe uji. Mwingine atasema ni mchango, itafutwe dawa ya miti shamba. Wa tatu atashauri mtoto alazwe juu ya tumbo, kwani hapo ndipo atalala fofofo. Na kwenye duka la dawa hakukosi mtu wa kuuza siro ya kulaza watoto.

Wote hao wanataka kusaidia. Lakini mengi ya mashauri hayo yanaweza kumuumiza mtoto, na mengine yanaweza kumuua. Makala hii inaeleza usingizi wa mtoto mchanga unavyokwenda, namna ya kumusaidia atulie, mambo ya kuepuka, na dalili ambazo zikionekana haifai kungoja asubuhi.

Juu ya nini mtoto mchanga anaamka kila mara?

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba mtoto mchanga analala sana. Shirika la Afya Duniani (OMS), katika maelekezo yake ya mwaka 2019, linasema mtoto kuanzia kuzaliwa mpaka miezi 3 anahitaji masaa 14 mpaka 17 ya usingizi katika siku moja, mchana na usiku pamoja. Tatizo ni kwamba usingizi huo hauji kwa mara moja. Unakuja kwa vipande vya saa moja, mbili au tatu.

Sababu ya kwanza ni tumbo. Mtoto mchanga yuko na tumbo ndogo sana, na maziwa ya mama yanasagika haraka. Ndiyo maana anahitaji kunyonya mara 8 mpaka 12 katika masaa 24. Mtoto anayeamka kunyonya usiku hafanyi ukaidi, wala hana tabia mbaya. Anafanya kazi ya kukua. Na kunyonya kwa usiku kunasaidia pia maziwa ya mama yasipungue.

Sababu ya pili ni kwamba hajui bado mchana na usiku. Ndani ya tumbo la mama, giza ni lile lile. Mwili wa mtu mzima unatengeneza homoni ya usingizi inayoitwa melatonini wakati giza linapoingia. Mwili wa mtoto mchanga hauna bado utaratibu huo. Unaanza kujipanga pole pole kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Lakini maziwa ya mama yanayotoka usiku yanakuwa na melatonini, ile ambayo yale ya mchana karibu hayana. Kwa hiyo mama anayenyonyesha usiku anamupatia mtoto chakula pamoja na alama ya kwamba ni usiku.

Sababu ya tatu wazazi wengi hawaijui. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi mwepesi. Ndani ya usingizi huo anasogeza mikono, anakunja uso, anaguna, anacheka, na pumzi yake inakwenda haraka kisha pole pole. Mzazi anafikiri ameamka, anamunyanyua mara moja, na hapo ndipo anamuamsha kweli. Vizuri kungoja kidogo na kumuangalia. Kama macho yamefungwa na halii, mara nyingi atarudia usingizi peke yake.

Kilio kinachozidi magaribi

Kuna watoto wanaolia kila siku magaribi, hata kama wameshiba na hawana homa. Hilo nalo linajulikana. Kilio cha mtoto kinaanza kuongezeka karibu na wiki ya pili, kinafika juu kabisa karibu na wiki ya sita, kisha kinapungua mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Kinapatikana Moba, kinapatikana Ulaya, kwa watoto wa matajiri na wa maskini.

Ni vizuri mama na baba wajue hesabu hiyo. Mama ambaye mtoto wake wa wiki sita analia kila magaribi anaambiwa mara nyingi kwamba amekosa kitu: amekula vibaya, maziwa yake yameharibika, ametembea mahali pasipofaa. Kumbe mtoto huyo yuko kwenye kilele cha kilio ambacho kitashuka. Lakini kilio cha aina nyingine, kile kinachokuja ghafla pamoja na homa, kutapika au kukataa ziwa, ni jambo tofauti. Kinaelezwa hapa chini.

Namna ya kumutuliza mtoto

Dawa ya kwanza iko tayari katika kila nyumba ya Moba: mgongo, kifua na kikwembe.

Mwaka 1986, waganga wawili wa Montréal, Kanada, walichapisha uchunguzi juu ya jambo hili. Waliwaomba kundi moja la wazazi kubeba watoto wao masaa mengi zaidi kila siku, hata wakati watoto hawalii. Kundi lingine likaendelea kama kawaida. Kwenye wiki ya sita, watoto waliobebwa zaidi walilia kwa asilimia 43 chini ya wengine. Wamama wanaokwenda shambani na sokoni na mtoto kwenye mwili wao walikuwa wanafanya hivyo tangu zamani bila kungoja uchunguzi.

Kwa mtoto wa wiki za kwanza, ambaye shingo haijakaza, ni vizuri zaidi kumubeba mbele, kifua kwa kifua, kuliko mgongoni. Kichwa kinapaswa kushikwa na nguo, uso ubaki wazi na kuonekana, na kidevu kisibanwe kwenye kifua chake, maana hapo pumzi inaweza kuzibika. Mgongo utangoja mpaka shingo ikaze.

Uchunguzi mwingine ulitoka Japani mwaka 2022, kwenye taasisi ya RIKEN. Watafiti walipima moyo wa watoto waliokuwa wanalia. Waliona kwamba mama akimubeba mtoto na kutembea naye dakika 5 bila kusimama, mtoto anatulia, na wengi wanasinzia. Lakini akiwekwa chini mara moja, wengi wanaamka. Dawa yake: mama akishatembea, aketi na mtoto mikononi dakika 5 mpaka 8 ili usingizi uingie ndani, kisha ndipo amulaze. Ni jambo dogo, halilipishwi hata franga moja.

Mambo mengine yanayosaidia ni haya:

– Kuona alama za usingizi mapema. Mtoto anapiga miayo, anageuza uso, anasugua macho, anakodoa mbali. Akingojwa mpaka alie kwa nguvu, kumulaza kunakuwa vigumu zaidi.

– Kutofautisha mchana na usiku. Mchana dirisha lifunguliwe, watu wazungumze kama kawaida, mtoto aone mwangaza. Usiku mama amunyonyeshe gizani au kwa mwangaza mdogo, bila mazungumzo na bila michezo. Taa ya telefone isimulikwe kwenye uso wa mtoto.

– Kumucheulisha. Kisha kunyonya, mtoto ashikwe wima kwenye bega na kupigwa pole pole mgongoni ili hewa itoke. Asipocheua ndani ya dakika chache, si neno.

– Ngozi kwa ngozi. Mtoto aliyevaa napi peke yake analazwa kwenye kifua kitupu cha mama au cha baba, na nguo inawafunika wote wawili. Joto, harufu na sauti ya moyo vinamutuliza.

– Wimbo. Nyimbo za kubembeleza za Kitabwa na za Kiswahili ambazo wabibi wanaziimba zina kazi yake. Sauti moja, ya chini, inayorudiwarudiwa, inapunguza kilio.

– Utaratibu ule ule kila magaribi: kupanguswa mwili na maji ya vuguvugu, kunyonya, wimbo, kulala. Mtoto mchanga hatauelewa mara moja, lakini wiki kwa wiki mwili wake utauzoea.

Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati

Kwa mtoto aliyezaliwa na kilo ndogo au mbele ya miezi kutimia, ngozi kwa ngozi ni matunzo yenyewe ya kumuokoa. Njia hiyo, inayoitwa matunzo ya kangaruu, ilianza mwaka 1978 kwenye hospitali moja ya Bogotá, Kolombia, na muganga Edgar Rey Sanabria. Mashine za kutunza joto la watoto hazikutosha, na watoto wengi walikuwa wanakufa. Wamama wakaombwa kubeba watoto kwenye kifua mchana na usiku.

Leo OMS inashauri njia hiyo kwa kila mtoto aliyezaliwa mdogo, kuanzia mara tu anapozaliwa, kwa masaa mengi iwezekanavyo kila siku. Mtoto kama huyu anaweza kulala sana mpaka akasahau kunyonya. Hapaswi kuachwa. Inafaa kumuamsha kila masaa mawili au matatu anyonye, na muganga amufuate kwa karibu.

Alazwe namna gani?

Hapa ndipo kuna jambo ambalo linaweza kuokoa maisha bila kutumia mali. Mtoto mchanga analazwa kwa mgongo, uso ukiangalia juu, kila usingizi, mchana na usiku.

Zamani waganga wa Ulaya na Marekani wenyewe walikuwa wanashauri tumbo. Watoto walikuwa wanalala muda mrefu kweli, lakini wengi walikutwa wamekufa kitandani bila ugonjwa unaojulikana. Watafiti walipogundua kwamba kulala juu ya tumbo kunaongeza hatari hiyo, Uingereza ilianzisha kampeni mwaka 1991, na Marekani ikafuata mwaka 1994. Kule Uingereza vifo hivyo vya ghafla vilishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Hakukuwa na dawa mpya wala chanjo. Wazazi waligeuza watoto tu.

Watu wengi wanaogopa kwamba mtoto aliyelala kwa mgongo atasongwa na maziwa akitapika. Ukweli ni kinyume. Mtoto akilala kwa mgongo, njia ya pumzi inakuwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi ni vigumu kupanda na kuingia kwenye pumzi. Akilala kwa tumbo, njia ya pumzi inakuwa chini, na maziwa yanaweza kuingia kirahisi. Upande nao haufai, kwani mtoto anabingirika na kujikuta kwenye tumbo. Kumulaza juu ya tumbo inafaa tu wakati yuko macho na mtu anamuangalia, ili shingo ipate nguvu.

Mahali pa kulala pawe pagumu na sawasawa. Mukeka wenye blanketi lililokunjwa vizuri ni bora kuliko matela ya sponji inayodidimia. Mto, nguo zilizorundikwa na blanketi zito vikae mbali na uso wake.

Kulala na mama kitanda kimoja

Katika nyumba nyingi za Moba, mtoto analala na mama, na hakuna kitanda cha pili. Hilo linarahisisha kunyonyesha. Lakini kuna masharti. Mtoto alale upande wa mama, si katikati ya baba na mama, na wala si kando ya watoto wengine. Asiwekwe karibu na ukuta ambako kuna nafasi ya kuingia na kubanwa. Blanketi ya wakubwa isifike kwenye kichwa chake.

Mtu aliyekunywa lutuku au pombe nyingine, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa inayoleta usingizi, asilale na mtoto mchanga. Pombe na dawa hizo zinaleta usingizi mzito, na mtu anaweza kumulalia mtoto bila kujua. Mtoto aliyezaliwa mdogo yuko kwenye hatari zaidi. Kwa huyo, vizuri alale kwenye mukeka wake, karibu na kitanda cha mama, ndani ya chandarua. Na mama aliyechoka sana asinyonyeshe akiwa ameketi kwenye kiti cha sofa usiku, maana akisinzia pale mtoto anaweza kuteleza na kuzibwa pumzi. Kitandani ni salama zaidi.

Baridi ya Kirungu, joto la Moba-Port

Teritware ya Moba haina hali ya hewa moja. Kandokando ya ziwa joto ni kali, na kule juu Kirungu, mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inauma.

Mtoto mchanga anapoteza joto haraka. OMS inashauri asioge mbele ya masaa 24 tangu kuzaliwa. Wakati wa baridi avalishwe nguo moja zaidi ya ile ambayo mtu mzima angevaa, na akae karibu na mwili wa mama. Kwa kupima, mzazi aguse kifua au shingo ya mtoto, si mikono wala miguu. Kifua kikiwa baridi, aongezewe joto. Shingo ikiwa na jasho, apunguziwe nguo. Mtoto anayefunikwa kupita kiasi analala vibaya, na joto kali linaongeza hatari ya kifo cha ghafla.

Lakini jambo moja halikubaliki hata siku ya baridi gani: mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala na hawaamki, na mtoto ni wa kwanza kudhurika. Hata kama makala yanaonekana kuwa majivu, sumu inaendelea kutoka. Mbabula ibaki inje. Moshi wa jikoni na wa sigara pia usifike mahali mtoto anapolala.

Chandarua ni cha mtoto

Mbu wanamunyima mtoto usingizi, lakini ubaya wao mkubwa ni malaria. Mama mjamzito anapaswa kupewa chandarua chenye dawa wakati wa CPN, na chandarua hicho ni cha yeye na mtoto. Kikiwa kipya, kitundikwe kwanza kwenye kivuli siku moja, kisha kifungwe juu ya kitanda au mukeka na kuchomekwa chini pande zote. Kama kuna tundu, lishonwe.

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, inajulikana kwamba vyandarua vingine vinakwenda kuvua samaki. Maisha ni magumu, na kila mtu anatafuta chakula. Lakini wavu wenye matundu madogo hivyo unazoa hata mayai na watoto wa samaki, na mtoto nyumbani anabaki bila kinga. Nyumba inapoteza mara mbili.

Mambo yasiyofaa kupewa mtoto

*Uji, maji na maziwa ya kopo.* Mpaka miezi 6, mtoto anahitaji ziwa la mama peke yake, hata maji hapana, hata wakati wa joto. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Uji haulazi mtoto. Mwaka 1989, waganga wa Cleveland, Marekani, walilinganisha watoto waliotiwa nafaka kwenye biberon mbele ya kulala na wale ambao hawakutiwa. Hawakuona tofauti ya usingizi. Kile ambacho uji na maji vinaleta ni kuhara, na kupunguza hamu ya kunyonya, mpaka maziwa ya mama yanapungua kweli.

Je, mama atajuaje kwamba maziwa yanatosha? Aangalie mkojo na kilo. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Siku za kwanza kilo zinashuka kidogo, lakini ndani ya wiki mbili hivi zinapaswa kurudi kwenye zile za kuzaliwa. Kilo zikipanda, maziwa yanatosha, hata kama analia.

*Siro za usingizi.* Dawa zinazoleta usingizi, kama prometazini inayopatikana kwenye siro za kikohozi na za mafua, hazipaswi kupewa mtoto chini ya miaka 2. Zinaweza kuzuia pumzi. Parasetamoli nayo ni dawa ya homa na maumivu, na mtoto mchanga anapewa tu kwa kipimo cha muganga. Kumutia tone la pombe mdomoni ni sumu.

*Dawa za miti za kunywesha au kutia kwa njia ya nyuma.* Mwili wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kutoa sumu, na utumbo wake ni mwororo kabisa. Kutia dawa kwa nyuma kunaweza kuutoboa au kumwishia maji mwilini.

*Asali.* Haifai mbele ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mpaka ya kupumua.

Na utosi? Sehemu laini ya kichwa inayochezacheza ni ya kawaida, haihitaji kuchanjwa wala kupakwa dawa. Lakini ukibonyea ndani, mtoto anakosa maji mwilini. Ukivimba na kukaza wakati mtoto hata halii, ni hatari. Katika hali zote mbili, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Usingizi ambao si mzuri

Nyumba nyingi zinafurahi zikipata mtoto mtulivu asiyesumbua usiku. Lakini mtoto wa siku chache anayelala mfululizo, asiyeamka kunyonya na anayelegea akinyanyuliwa, anaweza kuwa mgonjwa sana. Kwa mtoto mchanga, ukimya unaweza kuwa dalili mbaya zaidi kuliko kilio.

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, iwe mchana au usiku, kama:

– anakataa ziwa au ananyonya vibaya kuliko jana;
– hasogei isipokuwa akiguswa, au haamki vizuri;
– anashikwa na degedege;
– anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinaingia ndani anapopumua;
– mwili ni wa moto (digri 37,5 au zaidi) au wa baridi hata akifunikwa (chini ya 35,5);
– viganja na nyayo zimekuwa za manjano, au manjano yametokea siku ya kwanza;
– kitovu ni chekundu, kinatoa usaha au kinanuka;
– anatapika majani au damu, au midomo inakuwa ya buluu.

Kwa wanaokaa vijiji vya mbali, ambako njia ni pirogi au pikipiki, ni vizuri kuondoka mapema mbele ya upepo wa ziwa kuchafuka. Njiani mtoto afungwe kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na aendelee kunyonya kama anaweza. RECO, wahudumu wa afya wa kijiji, wanaweza kusaidia kuona dalili na kuelekeza.

Hata mtoto mwenye afya anapaswa kuonwa na muganga. OMS inashauri abaki materinite masaa 24 ya kwanza, kisha aonwe kati ya masaa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na kwenye wiki ya sita. Ziara hizo ni nafasi nzuri ya kuuliza habari za usingizi na kilio bila haya.

Mama naye anahitaji kulala

Kati ya wamama 5 wa nchi zinazoendelea, karibu 1 anapata ugonjwa wa huzuni au wasiwasi kisha kuzaa, kwa hesabu za OMS. Kukosa usingizi kunazidisha. Mama anayelia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, asiyetaka kula, asiyependa kumugusa mtoto, au anayefikiri afadhali afe, si mvivu wala hakulogwa. Ni mgonjwa, na apelekwe kwa muganga.

Ndiyo maana kile kinachokosekana usiku, mara nyingi si dawa ya mtoto, ni mikono ya kusaidia. Baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kumubeba mtoto, kumucheulisha, kutembea naye dakika zile 5, kuchota maji, kufua napi. Mvuvi anayelala ziwani anaweza kushika mtoto mchana ili mama asinzie saa mbili. Na usiku wa mbalamwezi, wakati mitumbwi ya ndakala inapumzika kwa sababu taa hazivuti samaki, baba yuko nyumbani na zamu inaweza kuwa yake. Bibi, shangazi na wadada wakubwa wana nafasi yao pia.

Na kama kilio kimemuzidi mtu mpaka hasira inapanda, amulaze mtoto kwa mgongo mahali salama, atoke inje dakika chache apumue, kisha arudi au amuite mwingine. Mtoto asitikiswe kamwe. Shingo yake haina nguvu, na kutikiswa hata mara moja kunaweza kuleta damu kwenye ubongo, upofu au kifo.

Kwa kifupi

Mtoto mchanga anaamka usiku kwa sababu anakua. Anyonye kila anapotaka, abebwe, alazwe kwa mgongo, ndani ya chandarua, mahali pagumu, mbali na mbabula. Asipewe uji, siro wala dawa za kienyeji. Aangaliwe dalili za hatari, zaidi sana akiwa mtulivu kupita kiasi. Na usiku ugawanywe, usibaki mzigo wa mama peke yake. Watoto wengi wanaanza kulala vipande virefu zaidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Mpaka hapo, nyumba yote isaidiane.